Mume na Mke Safarini



Tangu turudi kutoka safari yetu, wengi wenu mmetuuliza tuliona nini huko. Tumewajibu kwa maneno machache pale nje ya kanisa baada ya Misa, lakini majibu yale hayakutosha. Leo tunaomba nafasi katika gazeti letu tuwaeleze vizuri. Hatutaki kujisifu kwamba tumetembea. Mungu alitufundisha jambo njiani, na jambo lenyewe linamhusu kila mume na mke katika mtaa huu.

Tulifunga ndoa mwaka 1988. Baada ya arusi tulilala Korogwe kwa shangazi, na kabla ya kurudi nyumbani Handeni tulisimama stesheni tukaiona treni ikiondoka kuelekea Moshi. Tukaahidiana kwamba siku moja nasi tutakwenda, tuone milima, tuone maziwa makubwa, tuone na ile miji ya zamani tuliyosoma habari zake shuleni. Halafu tukarudi kulima. Miaka 35 ikapita.

Haikupita kwa uvivu. Mara ya kwanza akiba yetu ilikwenda kwenye karo ya watoto. Mara ya pili, mwaka 2009, ilitosha kabisa, kisha ikatoweka. Habari hiyo tutaieleza mbele. Mara ya tatu mvua ilikatika, mahindi yakakauka shambani, na fedha ya safari ikanunua unga. Mwishowe watoto wenyewe walichanga. Walipotukabidhi fedha, mwezi wa Julai 2023, walisema, "Shikamooni. Baba, Mama, safari hii msimpe mtu."

Majirani wawili watatu walinong'ona: "Fedha yote hiyo, si afadhali wazee hawa wangenunua mabati?" Neno hilo lilituchoma, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Je, Mkristo ana haki ya kwenda kutazama milima hali nyumba inavuja?

Tukafungua Maandiko. Katika Marko sura ya 6 tunasoma kwamba mitume walirudi kwa Bwana wamechoka, hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Bwana hakuwaongezea kazi. Aliwaita waende mahali pa faragha wakapumzike. Na katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24 iko sheria kwamba mtu aliyeoa karibuni asipelekwe vitani, bali akae nyumbani mwaka mzima amfurahishe mke wake. Sisi mwaka huo hatukuupata. Basi tukasema, tuuchukue sasa, japo kwa majuma matatu.

Tulipita Korogwe na Mombo, tukapanda Lushoto, mabasi yakizunguka kona za Soni kama nyoka. Ajabu ni kwamba milima ile ya Usambara tumeiona kwa mbali maisha yetu yote, wala hatukupata kujua baridi yake. Tukateremka, tukapita chini ya milima ya Upare hadi Moshi. Kilimanjaro ni mlima wa mita 5,895, lakini siku mbili tulikaa pale tusiuone kwa mawingu. Siku ya tatu, alfajiri, ulikuwa wazi wote. Tulisimama barabarani kimya. Mlima ulikuwapo siku zote mbili, ila tulizuiwa tusiuone. Hapo hatukujua kwamba hilo lilikuwa fumbo letu wenyewe.

Kutoka Arusha tulipita Babati, tukaliona ziwa lake, kisha Singida, ambako maji ya ziwa Singidani ni ya chumvi. Tukafika Tabora, tukachukua treni hadi Kigoma, na kutoka hapo tukafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake karibu mita 1,470 kinashindwa na ziwa moja tu duniani. Tulipaona mahali pa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana Ujiji mwaka 1871. Lakini jambo kubwa lililotupata Ujiji halimo katika vitabu.

Jioni tulikaa ufukweni tukitazama wavuvi wakiwasha taa zao. Mmoja wetu akasema, "Laiti tungekuja mwaka 2009." Yule mwingine akanyamaza, kisha akaanza kulia. Wapendwa, hatutawaambia ni nani kati yetu aliyekosa. Yatosha mjue kwamba mwaka ule mmoja wetu aliichukua akiba kwa siri akamwokoa ndugu yake aliyekuwa na deni, kisha akasema nyumbani kwamba fedha imeibwa. Miaka 14 alibeba uongo huo, akipokea Ushirika Mtakatifu pamoja na mwenzake kila Jumapili.

Alipokwisha kuungama, mwenzake alijibu, "Nilijua. Nilijua tangu mwezi ule ule." Naye alikuwa na dhambi yake. Alijua akanyamaza, na kunyamaza kwake hakukuwa msamaha. Alikuwa ameiweka habari hiyo akiba, ili siku ya ugomvi awe na la kusema. Basi tulikaa pale watu wawili, wote wadeni. Tulisali Baba Yetu hadi mahali pa kusameheana, tukashindwa kuendelea kwa machozi. Baadaye tukaimaliza.

Luka sura ya 24 inatupa habari za wawili waliokwenda Emau wakizungumza huzuni yao. Ni pale walipokuwa wakiisema wazi ndipo Yesu alipokaribia akafuatana nao, ingawa macho yao yalizuiwa wasimtambue. Nasi twaamini alikaa nasi ufukweni.

Tulirudi kwa reli ya kati hadi Dar es Salaam, tukaenda Bagamoyo. Toka Ujiji hadi Bagamoyo ni karibu kilomita 1,200, nasi tulizipita tumeketi. Katika karne ya 19 watu walizipita kwa miguu, miezi mizima, wengine wamefungwa, wengine wamebeba pembe za ndovu. Bagamoyo ndipo Chuma na Susi na wenzao walipoufikisha mwili wa Livingstone mwezi wa Februari 1874. Wenyeji wengine husema jina la mji huo maana yake ni "bwaga moyo". Sisi tulichekeana, maana mioyo yetu tulikwisha kuibwaga Ujiji.

Kisha tukavuka kwenda Unguja. Kanisa Kuu la Mkunazini, mnajua, lilikuwa mama wa makanisa yetu huku bara, kwa kuwa zamani Tanga na Zanzibar tulikuwa dayosisi moja. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa pale pale penye soko. Askofu Steere aliyelijenga amezikwa nyuma ya altare. Uko na msalaba uliotengenezwa kwa mti ule ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa.

Tulipopiga magoti pale tulifikiri hivi: katika soko hili mume aliuzwa huku, na mke akauzwa kule. Hawakuulizwa. Waliookolewa, misheni iliwapa makao huko Mbweni, wakajenga nyumba upya na kuoana. Na sisi je? Hakuna mtu aliyetutenga. Tulilala kitanda kimoja, tukala chakula kimoja, lakini kwa siri moja ya fedha tulijiuza wenyewe, kila mtu upande wake, miaka 14.

Basi, ndugu zetu, hatusemi kila mtu aende Ujiji. Wengi hawawezi, na Mungu hadai nauli. Twasema mambo matatu tu.

Kwanza, msiyafiche mambo ya fedha ndani ya nyumba. Kumsaidia ndugu ni vema. Kusema uongo ndiko kunakoua.

Pili, anayejua kosa la mwenzake asilifanye silaha. Aliseme kwa upole, au alisamehe kweli.

Tatu, tafuteni faragha. Kutoka Handeni hadi Korogwe si mbali. Nendeni siku moja wawili tu, mkakae karibu na mto Pangani, simu imezimwa, watoto wamebaki na bibi. Zungumzeni. Msingoje miaka 35 kama sisi.

Mabati bado hatujanunua. Mvua ya vuli itakapokuja tutahamisha kitanda kama kawaida yetu. Lakini sasa tunakihamisha tukicheka, kila mtu ameshika upande wake.

Bwana aliyefuatana na wale wawili njiani afuatane nanyi pia, akae katika nyumba zenu. Amina.