Usubi Wanaoulisha Mto Laxá

Kaskazini mwa Iceland kuna ziwa liitwalo Mývatn, lenye kilomita za mraba 37 hivi na kina kisichofika mita 5. Miaka kama 2,300 iliyopita volkeno ilimwaga lava, ikaziba mabonde, na ziwa likajaa hapo. Maji yake mengi huibuka kutoka chini ya miamba, yakiwa yamebeba madini. Majira ya joto usiku hauna giza, na mwanga hupenya hadi chini kabisa, hivyo mimea midogo isiyoonekana kwa macho huzaana kupita kiasi. Hapo ndipo unapotoka mto Laxá, ambao una kilomita 58 tu kufika baharini.

Tazama alivyoupanga Muumba. Maji yakitoka ziwani huchukua ile mimea, na kwenye mawe ya mtoni viluwiluwi vya usubi vinaingoja. Kila kimoja hujishikiza jiweni kwa hariri kinayoitoa mwilini, kikakunjua vishada viwili vya nywele kichwani na kuchuja chakula kinachopita. Mkondo ulio kasi, ambao ungemzoa mtu mzima, haukiondoi! Vikishakuwa usubi, huruka kwa makundi mazito. Waliokaa kando ya Ziwa Victoria na kuona wadudu wakipaa juu ya maji kama moshi watanielewa.

Watu huwalaani wadudu hawa. Lakini trauti wa Laxá hunenepa kwao. Na yupo bata mdogo, dume lake la rangi ya samawati iliyokolea lenye mabaka meupe, ambaye majira ya baridi huishi baharini, mawimbi yanapopiga miamba. Ikifika masika huja mtoni, akazamia katikati ya maporomoko kutafuta viluwiluwi vile vile. Nani alimwonyesha njia?

Mto hupita kwenye korongo la Brúar, na maporomoko ya hapo samoni hawawezi kuyapanda. Chini yake, katika bonde la Aðaldalur, wamo. Huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha hurudi kutaga katika mto ule ule. Mwisho Laxá humwagika katika ghuba ya Skjálfandi, ambako nyangumi huja kula.

Uumbaji huu ulikuwa karibu kuharibiwa. Ulikuwapo mpango wa kujenga bwawa kubwa la umeme ambalo lingezamisha bonde la Laxárdalur. Agosti 1970 wakulima wa eneo hilo walikusanyika usiku, wakalipua kwa baruti bwawa dogo lililokuwa karibu na ziwa. Sisifii baruti, ila nawaheshimu watu walioona kwamba mto nao una haki ya kutetewa. Bwawa kubwa halikujengwa, na mwaka 1974 Iceland ilitunga sheria ya kulinda Mývatn na Laxá.