Njia Fupi ya Askofu Hannington

Mwaka 1882 kasisi Mwingereza James Hannington alifika Zanzibar, akashika njia ya kusini kwenda Buganda. Maradhi yalimwandama hadi akashindwa kufika, akarudi kwao akiwa mifupa mitupu. Hakukata tamaa. Mwaka 1884 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Afrika Mashariki ya Ikweta, na Januari 1885 akawa Mombasa, tayari kwa safari ya pili.

Njia ya kusini hakuitaka tena. Mpelelezi Joseph Thomson alikuwa amekwisha kupita Umasaini hadi Ziwa Victoria, na ilionekana kwamba huko ni karibu zaidi na kuna nyanda za juu zenye hewa safi. Sababu hizo zilikuwa za kweli. Lakini zote zilihusu njia. Hakuna iliyomhusu mwenye nchi.

Mwenye nchi alikuwa Kabaka Mwanga, kijana aliyekuwa na mwaka mmoja tu kwenye kiti. Waganda waliamini kwamba atakayeiteka nchi yao angetokea mashariki, kupitia Busoga. Mwaka huohuo zilifika habari kwamba Wajerumani wanajitwalia ardhi upande wa pwani. Alexander Mackay na wamisionari wenzake waliokuwa Buganda waliifahamu hofu hiyo, lakini onyo lao halikumfikia askofu kwa wakati.

Julai 1885 msafara wa watu wapatao 200 uliondoka Rabai. Walipofika Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, Hannington alimwacha shemasi William Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu 50. Oktoba 21 alikamatwa kwa chifu Luba, Busoga. Tarehe 29, kwa amri ya Mwanga, aliuawa pamoja na wapagazi wake. Waliotoroka ni wachache mno.

Mambo hayakuishia hapo. Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkristo aliyekuwa mkubwa wa vijana wa ikulu, alimkemea Kabaka kwa kumuua askofu. Novemba 15 naye akauawa. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji akaponzeka.

Hatia ya damu ni ya aliyetoa amri, na hilo halina mjadala. Hata hivyo hofu ya Mwanga haikuwa ndoto tupu. Miaka 5 baadaye Mwingereza Kapteni Lugard aliingia Mengo, makao ya Kabaka, akitokea mashariki kulekule, na Buganda ikaishia mikononi mwa Waingereza. Hannington alikuja na Injili. Aliyemtazama kutoka ikulu aliona mzungu mwenye msafara akibisha mlango wa maadui.

Kanisa humkumbuka kila Oktoba 29. Wapagazi waliokufa naye ni nadra kutajwa kwa majina, ilhali wao hawakuichagua njia ile.

Hilo ndilo funzo kwa kila anayekwenda ugenini na jambo jema, awe mhubiri, daktari au mfadhili. Nia njema haijulikani kwa kutazamwa usoni. Kabla ya kuuliza njia ipi ni fupi, uliza wenyeji wanaogopa nini, na usubiri jibu hata kama msimu wa safari utapita. Ukikosea, gharama hutailipa peke yako: watalipa waliokubebea mizigo na waliokutetea.