Bayyina ni Juu ya Nani?

Mtu wa Kambove akinunua motokaa mpya mjini Lubumbashi, akapewa hati ya dhamana ya miaka mitatu, kisha injini ikafa kabla ya mwaka wa pili kutimia, huenda akajibiwa na kiwanda kwa barua fupi kwamba dai lake limekataliwa, kwa kuwa hakubadilisha mafuta kwa wakati, au kwa kuwa vumbi la njia ya Likasi limeingia ndani. Baina ya wawili hao, ni nani apasaye kuleta bayyina, yaani ushahidi wa kuthibitisha?

Kanuni ya makadhi ni maarufu: bayyina ni juu ya mdai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Tena mafakihi wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, husema kwamba kasoro ikiwezekana kuwa ya kabla ya mauzo au ya baada yake, husadikiwa muuzaji kwa yamini yake. Hukumu hiyo naiheshimu, lakini siioni kuwa ngao ya mwenye kiwanda. Zamani muuzaji wa ngamia alisimama mbele ya mnyama aliyeonekana na wote wawili, akaapa kwa Mola wake akijua ataulizwa Siku ya Kiyama. Kiwanda kilicho ng'ambo hakiapi, huandika barua tu. Isitoshe, mwenye kiwanda aliahidi juu ya siku zijazo, na ahadi hiyo ilikuwa sehemu ya bei. Mnunuzi akisha kuonyesha kwamba injini imekufa ndani ya muda, amemaliza udai wake. Yule asemaye, "Wewe ndiwe uliyeiua," amezua dai jipya, na bayyina humfuata yeye.

Na chuma chenyewe hushuhudia. Fundi ateremshapo sampu akakuta mafuta yanametameta chembe za madini, na beringi za konrodi zimelika hata shaba ya chini imejitokeza, hadithi ya vumbi la njiani yataka maelezo zaidi, maana vumbi lipitalo filta ya hewa kwa kawaida hutangulia kula ringi za pistoni na kuta za silinda. Beringi huuawa mara nyingi na uhaba wa mafuta, na uhaba huo waweza kuzaliwa kiwandani: mwaka 2015 Hyundai ilirudisha motokaa zipatazo 470,000 nchini Marekani, kwa sababu mabaki ya chuma yaliyosalia katika kuchonga krenkishafti yaliweza kuzuia mafuta yasifike kwenye beringi. Mwenye motokaa hiyo, hata angalihifadhi kila risiti, angaliijuaje siri hiyo?

Kumtwisha asiyejua mzigo wa kuthibitisha lijulikanalo na mwenzake peke yake ni dhuluma, hata ikiandikwa kwa adabu. Mtume alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta maji chini, muuzaji alitaja mvua. Udhuru huo haukumwondolea wajibu wa kuiweka iliyolowa juu, watu waione.

Mnunuzi aliyepuuza mafuta kweli hana haki. Asiyepuuza asinyamaze. Amri ya 30 Julai 1888, msingi wa sheria ya mikataba nchini Kongo, humfunga muuzaji kwa kasoro iliyofichika, mradi mnunuzi asikawie kudai. Basi na aombe sababu za kukataliwa kwa maandishi, asikubali injini ifunguliwe pasipo shahidi wake, na beringi zile, pamoja na filta na chupa ya mafuta yaliyomwagwa, azifunge na kuzihifadhi hadi Mahakama ya Biashara ya Lubumbashi itakapomwita.