Kiongozi wa Wavuvi na Samaki Aliyeachiliwa

Sisi wa Mhunze hatuna ziwa. Tuna malambo, na kiangazi yakaribiapo kukauka watoto huingia matopeni wakakamata kambare kwa mikono, naye huliwa jioni ile ile. Basi tukiambiwa kwamba wako watu walipao fedha nyingi ili wamvue samaki, kisha wamrudishe majini, kwanza twacheka. Lakini jambo hili halitendeki mbali nasi. Katika kisiwa cha Rubondo, upande wa Geita, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, mgeni aweza kupanda mashua pamoja na kiongozi akavue sangara kwa mshipi. Wakati wa kipupwe hutoka alfajiri wamejifunika makoti, kwa maana upepo wa ziwa hauna huruma.

Kwamba mwenyeji hana ruhusa ya kutega wavu pale ambapo mgeni avua kwa furaha, hilo ni shauri lingine, nalo lina uchungu wake. Ingawa ni kweli kwamba wavu huchukua wengi, na samaki wahitaji mahali pa kuzaliana kwa amani. Leo nauliza habari za kiongozi. Yeye ndiye ajuaye mwamba ulipo na kina cha maji. Mgeni kazi yake ni kushika ufito na kuvuta.

Sangara ana kibofu cha hewa ndani ya mwili, nacho hakina njia ya kutokea kooni. Avutwapo upesi kutoka kilindini, hewa ile hutanuka, tumbo likafura, hata pengine matumbo yakasukumwa mpaka kinywani. Mtu wa namna hiyo akiachiliwa hawezi kuzama, sembuse samaki. Huelea chali juu ya maji mpaka furukombe amwone. Tena maji ya vuguvugu yana hewa ya oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na samaki aliyechoka kwa kupigana na mshipi huyahitaji sana yenye hewa.

Katika maziwa makubwa ya Amerika ya Kaskazini yuko samaki aitwaye trauti wa ziwa, jamaa ya trauti waliopandwa katika mito ya baridi ya Kenya. Majira ya baridi yakaribiapo, hupanda kutoka kilindini aje kutaga mayai penye miamba karibu na ufuo, na sehemu kadha wa kadha sheria hukataza kumvua wakati huo. Yeye kibofu chake kina njia ya kooni. Aweza kuicheua hewa, na maji yake ni ya baridi. Huko kumwachilia mara nyingi ni kumpa uhai. Desturi hiyo imesafiri mpaka kwetu, lakini kibofu cha trauti hakikusafiri nayo.

Basi fikirini: mgeni amempata sangara mkubwa kutoka maji marefu, amepigwa picha naye, amemrudisha taratibu kwa mikono miwili. Ageuka na kuuliza, "Je, ataishi?" Kiongozi ameliona tumbo lililofura. Bakshishi bado haijatoka mfukoni. Ajibuje?

Wengine watasema, mtu wa kuajiriwa humpendeza aliyemwajiri. Lakini hakuajiriwa kwa ajili ya mabavu. Wenye mabavu ni wengi ufuoni. Alikodiwa kwa maarifa yake, na auzaye maarifa huku akificha nusu amefanana na mkulima atiaye mchanga katika pamba ili mzani upande. Wengine watasema, sangara mwenyewe ni mgeni, alitiwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na 1960, akala furu wetu hata aina nyingi zikatoweka; nani amlilie? Vema, kama hastahili kuishi, na auawe kwa pigo moja, aliwe. Ubaya wa sangara hauhalalishi kumdanganya mtu. Na yule asemaye kwamba furukombe atashiba, nadhani anatafuta neno la kusema tu.

Wala sisemi kwamba kunena kweli hapo ni jambo jepesi. Baba mwenye watoto shuleni huihesabu bakshishi kabla haijatolewa. Lakini mgeni yule alitaka kuwa na huruma, naye amerudi kwao akiamini kwamba alikuwa nayo, kumbe ameuziwa jina lake tu. Naona amedhulumiwa zaidi kuliko samaki.

Wakati wa kusema ni asubuhi, kabla ndoana haijatupwa. Kiongozi na aseme: "Bwana, ukitaka kuwaachilia, twende maji mafupi, wala usimtoe majini muda mrefu. Ukitaka wale wa kilindini, ujue kwamba hao ni wa chungu." Mgeni atachagua mwenyewe. Na akichagua kilindi, na sheria ya mahali ikikubali, sangara wa kilo ishirini atawashibisha wapishi na mabaharia wote wa kambini, na kichwa kitabaki kwa mchuzi wa kesho.