Nije Lini?

Rafiki yangu wa Nairobi alinipigia simu: "Si uniambie, nije Garissa lini ndio nione wanyama wengi?" Alishaenda Maasai Mara, na huko jibu ni rahisi: Julai hadi Oktoba, nyumbu wa Serengeti wakivuka Mto Mara. Alitaka kalenda kama hiyo ya huku kwetu.

Jibu ninalo, ila linanikaba koo. Njoo Februari au Machi, msimu ambao Wasomali huuita jilaal, kiangazi kikali kuliko vyote. Madimbwi yamekauka, majani yamepukutika, twiga hana pa kujificha. Wanyama wanasogea kuelekea Mto Tana. Picha zitakuwa kali. Ukingoja mvua za gu, kuanzia Aprili, kila shimo litajaa maji, wanyama watatawanyika, nawe utazunguka siku nzima ukiona vichaka vya kijani tu.

Yaani wakati mzuri kwa anayetazama ndio wakati mbaya kwa anayetazamwa. Je, ni haki nipange likizo yangu juu ya kiu ya mwingine?

Kuanzia mwisho wa 2020, mvua zilikosa kwa misimu mitano mfululizo. Desemba 2021, picha ya twiga sita waliokufa Sabuli, Wajir, ilizunguka dunia. Walikuwa wamedhoofika, wakaenda kunywa kwenye bwawa lililokaribia kukauka, wakanasa kwenye tope. Walifuata kanuni ileile tunayoifuata sisi tukipanga safari: kiangazi kikibana, nenda penye maji.

Utasema, bana, kutazama hakuleti ukame. Kweli. Tena pesa ya mgeni ina kazi. Hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, kule Ijara, inamlinda hirola, swala ambaye porini hawafiki 500, na ulinzi huo hauendeshwi kwa hewa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hoja hiyo naikubali, lakini methali ina sharti ndani yake: mwenyeji apone. Mgeni anayekuja kwa sababu mwenyeji anaumia, kisha akaondoka bila kuacha kitu, ameibeba nusu ya kwanza tu.

Fikiria hivi. Wafugaji nao huhama jilaal. Mama anayeswaga ngamia waliobeba mitungi mitupu anaelekea mto uleule anaouendea twiga. Hakuna anayepiga simu kuuliza, "Nije lini niwaone wengi wakihama?" Swali hilo lingetutia aibu. Sisemi mtu na twiga ni sawa. Nasema kiu ni kiu, na kama aibu ipo kwa mmoja, kidogo yake inatufaa kwa mwingine. Aibu hiyo haimkatazi mtu kuja. Inamfanya aulize, kabla ya kuinua kamera, kile anachokiona kimetokana na nini, na yeye ataacha nini.

Kwa hiyo nilimjibu: njoo jilaal ukitaka, ulipe ada ya hifadhi bila kulalamika, kisha urudi wakati wa gu, hata kama hutaona kitu. Ukikosa kuwaona, huenda ni kwa sababu wameshiba huko walikotawanyika.

Akacheka. "Yaani nilipe nauli nisione kitu?"

Nikamwambia ndiyo.

Bado hajachagua tarehe.