Aliyeona Miji ya China, Aione Goma kwa Jicho Gani?

Hapa Goma wako watu wengi waliofika China. Si wasomi wala wakubwa wa serikali. Ni wafanyabiashara wa nguo, wa simu, wa vipuri vya pikipiki, na wengi wao ni akina mama. Hupanda ndege, hupitia Addis Ababa au Dubai, hushuka Guangzhou penye masoko makubwa ya jumla. Wakiisha kununua, wengine hubaki siku chache kutembea, na hufika hata Beijing na Shanghai. Wakirudi hutuonyesha picha: hapa ni mimi mbele ya mnara wa Guangzhou, mita 600 kwenda juu, hapa ni mimi mbele ya Jumba la Wafalme la Beijing, lililomalizika mwaka 1420. Nasi hustaajabu.

Jirani yangu mmoja, alipokwisha kutuonyesha picha zake, alitazama njia iliyo mbele ya mlango wake: mawe meusi, vumbi, chukudu iliyopakia magunia ya makala. Akasema, “Huu si mji. Ni rundo la mawe.” Vijana wakacheka. Mimi sikucheka, wala sikumjibu, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Tangu siku ile nalifikiri neno lake. Je, yafaa mtu auonee mji wake aibu kwa sababu ameona mji mzuri zaidi? Na uzuri huo wa miji ni kitu gani hasa?

Kwanza tukubali yaliyo kweli. Njia zetu nyingi ni mbaya, na mama anayepanda na ndoo ya maji kutoka ziwani hafarijiwi na maneno matamu. Tusiite umaskini uzuri. Mtu asafiri, aone njia safi, arudi akitamani njia safi: tamaa hiyo ni njema. Lakini jirani yangu hakusema, “Njia hii itengenezwe.” Alisema kwamba hapa si mji. Hilo ni neno jingine.

Ndugu msomaji, tuingie katika nyumba moja ya Guangzhou ambayo Waafrika wengi wanaijua, maana wamekuwa wakisali humo siku za Jumapili. Ni kanisa kuu la Moyo Mtakatifu. Wachina huliita Nyumba ya Mawe, kwa kuwa lote, toka msingi hata minara, limejengwa kwa mawe magumu. Lilianzwa mwaka 1863 likamalizika 1888, nayo ni miaka 25 ya kuchonga na kupandisha. Mikono iliyochonga ilikuwa ya mafundi Wachina. Lakini kiwanja je? Palikuwa makao ya liwali mkuu, yakabomolewa katika vita vya Waingereza na Wafaransa, ndipo Wafaransa wakadai wapewe mahali hapo. Basi nyumba ni nzuri, na kiwanja kilipatikana kwa nguvu. Picha haionyeshi jambo hilo. Lilifungwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, likafunguliwa tena 1979, na leo serikali ya China yenyewe inalitunza kama mali ya taifa. Mimi nasema hapo Wachina wametenda jambo kubwa kuliko mnara wa mita 600: wameweza kutunza kazi ya mikono ya babu zao, ingawa historia yake inawauma.

Tena si kila mara walitunza. Beijing ilikuwa na ukuta mkubwa kuuzunguka mji, kazi ya wafalme wa ukoo wa Ming. Baada ya mwaka 1949 wakubwa walitaka kuubomoa. Mjuzi mmoja wa majengo, Liang Sicheng, aliwasihi wasifanye hivyo. Alisema juu yake paweza kuwa bustani, watu wapumzike jioni. Hawakumsikiliza. Ukuta ukaangushwa, na tangu 1965 mahali pengi uliposimama pakachimbwa njia ya treni ya chini ya ardhi. Raia wakachukua matofali, wakajengea majiko na vibanda. Liang akafa mwaka 1972. Halafu, miaka thelathini baadaye, mji ukaanza kutengeneza kipande kilichobaki, kama kilometa moja na nusu, na raia wakaombwa warudishe matofali ya zamani. Wakayarudisha! Bustani ya ukuta ule ilifunguliwa mwaka 2002.

Mwaka 2002. Hapa kwetu nani asiyeukumbuka? Tarehe 17 Januari Nyiragongo ilipasuka, moto ukashuka ukapita katikati ya mji hata ziwani. Ukala kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaacha watu kama 120,000 bila nyumba. Beijing walibomoa kwa shauri, sisi hatukuulizwa. Watu walikimbilia Gisenyi na Sake, na baada ya siku chache wengi walikuwa wamerudi, mawe yangali na joto. Wakachukua nyundo, wakayavunja mawe yale yale yaliyowanyang’anya, wakajenga nayo. Kwa hiyo katika Goma ziko kuta ambazo jiwe lake ni changa kuliko fundi aliyelijenga. Sijui kama Beijing wanaweza kuonyesha kitu kama hicho.

Lakini nyundo si kitu cha kunistaajabisha sana. Mtu asiye na nyumba atajenga. Kinachonistaajabisha ni mipaka. Moto ulipopita, parseli hazikuonekana: hakuna ua, hakuna mti, hakuna njia. Karatasi za wengi ziliungua. Aliyerudi kwanza angeweza kusema, “Changu chafika pale,” na nani angebisha? Wako waliosema hivyo, tusiwafiche.

Juzi nilikwenda kwa yule jirani wa picha. Karibu naye hukaa mama mmoja mjane, ambaye mwaka ule alirudi nyuma ya wengine wote, mtoto mgongoni, bila karatasi. Mama huyo ndiye aliyenieleza kwamba alimkuta jirani huyu amekwisha kupanga mawe madogo kwenye mstari, na parseli yake imeachwa nzima, haikupungua hata hatua moja. Nikamwuliza jirani alipimaje, na ardhi yote ilikuwa nyeusi.

Akainuka, akanipeleka mpaka kwenye pembe ya nyumba moja ya zamani ambayo moto uliipita kando. Akaiweka mgongoni mwake, akaanza kutembea polepole, akihesabu kwa sauti.