Nani Awe Mbao ya Kujifunzia?

Hata kama hujawahi kufika Keko, wilaya ya Temeke, huenda kitanda unacholalia kimetoka huko. Maseremala wamejipanga kando ya barabara, na karibu kila fundi ana kijana anayejifunza kwake. Nimewatazama sana vijana hawa. Fundi mwenye akili timamu hampi mwanafunzi mninga wa mteja siku ya kwanza. Humpa vipande vilivyobaki, akate vibaya, apinde misumari, aunde kigoda kinachoyumba kama mlevi. Hasara ni ya fundi. Miezi ikipita ndipo kijana anasogezewa mguu wa meza ya mtu, na hapo fundi kasimama nyuma yake, maana mteja akija juu atamkaba fundi, sio kijana.

Sasa, msanifu majengo naye ajifunzie kwenye mbao ya nani?

Swali hili lilinianza siku walipokuja mtaani kwetu wanafunzi sita wa usanifu. Chuo chao sitakitaja. Walikuja na futi kamba, madaftari na kamera, wakasema wana kazi ya studio. Kwa wasiojua, studio ndiyo moyo wa masomo yao: mwanafunzi anapewa eneo la kweli, analipima, anachora, anaunda mfano wa kadibodi, halafu anasimama mbele ya jopo la walimu wamrarue kwa maswali. Safari hii waliagizwa wasanifu makazi endelevu ya uswahilini. (Hili neno "endelevu" limepita mikono mingi mpaka limechakaa kama noti ya daladala, lakini tuendelee nalo.) Mmoja wao akaniomba nimshikie ncha ya futi. Nikashika. Tukaingia kwa bibi mmoja, jirani yetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mmekuja kupiga X?"

Wao walicheka. Mimi sikucheka. Mdogo wake bibi huyu alikuwa na nyumba Kinondoni Mkwajuni, kwenye bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliingia mpaka madirishani, na Desemba 2015 likaja tingatinga baada ya ukuta kuchorwa X nyekundu. Kwa bibi, mtu anayepima nyumba yako ni mtu anayejua jambo ambalo wewe hujaambiwa.

Walipima kwa saa tatu. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama unavyoijua: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Waliandika dirisha gani liko wazi na lipi limezibwa kwa tofali. Bibi akawapikia chai. Walipoaga akauliza, "Mtarudi lini?" Wakajibu, "Tukimaliza tu, bibi." Hawajarudi.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na mmoja wao Kariakoo. Kaka mwema kabisa, alinikumbuka, akatoa simu akanionyesha mchoro. Bwana wee, ulikuwa mzuri! Paa limeinuliwa ili joto litoke kwa juu, maji ya mvua yanakwenda kwenye tangi, kuta ni za matofali ya udongo uliochanganywa na simenti kidogo, yale ya kufungamana ambayo wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora, pale Mwenge, umekuwa ukiyahimiza. Madirisha yote wazi ili kaskazi ipite. Mahali pa jiko la bibi pana bustani. Walipata alama nzuri. Nilimpongeza kwa moyo, halafu njia nzima kurudi Keko nikakosa raha.

Usinielewe vibaya, sisemi wasije. Wasipokuja kwetu watajifunzia Masaki na Mbezi Beach, na wakishahitimu watakuwa wanajua kuchora bwawa la kuogelea lakini hawajui uani ni nini. Wala sisemi kila anayepimiwa ajengewe. Mwanafunzi hana hela hata ya chipsi. Ninachouliza ni hiki: mchoro ule ukiwa na kosa, nani anadai, na anamdai nani? Kijana wa seremala ana fundi nyuma yake na mteja mbele yake. Wale sita walikuwa na jopo tu. Na bibi hakuwemo kwenye jopo.

Kwamba yawezekana kufanya vinginevyo, tunajua. Miaka ya 1990, mimi sijazaliwa, wakazi wa Hananasif kule Kinondoni walichoka kuhamishwa na maji kila masika. Wakaunda chama chao, na kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani pamoja na wataalamu wa chuo cha Ardhi (kilichokuwa chuo kishiriki mwaka 1996, kikawa chuo kikuu kamili 2007) wakajenga mifereji ya maji ya mvua na barabara, wenyewe wakiwa vibarua. Mtu anayechimba mfereji mbele ya mlango wake hawezi kunyamaza mtaalamu akichora maji yapande mlima. Mwaka 2015 tena, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka kata zinazofurika, kama Tandale, wakichora ramani pamoja na wakazi. Ramani hizo ziliwekwa wazi kwenye intaneti, yeyote azione. Ramani iliyo wazi inaweza kusahihishwa. Mchoro wa yule kaka uko kwenye simu yake.

Lakini hapa kuna kigingi. Tuseme bibi angekaa kwenye jopo. Namjua. Angeukataa ule udongo. Alizaliwa kwenye nyumba ya fito na udongo, akaolewa kwenye nyumba ya fito na udongo, na tofali za simenti za nyumba hii alizinunua chache chache kwa miaka, kwa pesa ya maandazi. Umwambie leo arudi kwenye udongo kwa ajili ya dunia! Msanifu naye ana hoja: utengenezaji wa simenti unatoa kama asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na bati bila dari saa nane mchana ni tanuri, nimelala humo najua. Kwa hesabu, kijana yuko sawa. Ila mbona somo la kuinusuru dunia linaanzia kwa mwenye chumba kimoja cha kupangisha, wakati ghorofa za vioo na viyoyozi mjini zinapaa kila siku? Kwa maoni yangu bibi ana haki ya kukosea kuhusu nyumba yake, mradi ameelezwa vizuri. Haki hiyo hiyo ya kukosea tunampa mwenye bwawa bila kumuuliza.

Nilipofika hapo katika kuandika makala haya, nikaona aibu. Maana mimi nami nina daftari. Nataka kuwa mwandishi wa riwaya, na bibi huyu yumo ndani yake tayari, na chai yake na X yake na marehemu mumewe. Nimempima bila futi. Nanyi washkaji mnaosoma jarida hili, msijifanye hamjanielewa.

Basi Jumapili nikaenda na daftari. Nikamkuta uani anachambua mchicha. Nikamsomea yote, kurasa kumi na moja. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Nilipomaliza akasema, "Hukuandika kwa nini lile dirisha la chumba cha tatu nimeliziba."

Nikasema sikujua kama kuna sababu.

"Jirani alichimba choo nyuma yake, hatua tatu. Kaskazi ikivuma, hulali. Na wale wenzako waliandika tu, limezibwa. Hawakuniuliza."

Nikakumbuka mchoro, madirisha yote wazi. Nikatafuta ukurasa mtupu.

"Haya bibi, ulilizibaje?"

"Kwanza bandika chai," akasema. "Halafu futa hapo uliposema nililia."